Kutoshana Nguvu: Tone la Mafuta na Chaji ya Elektroni



Nitaanza na kitana. Nilipokuwa kidato cha pili, katika shule moja ya pwani, mwalimu wetu wa fizikia alisimama mbele ya darasa akiwa na kitana cha plastiki na vipande vya karatasi alivyovichana vidogo vidogo. Akasugua kitana kwenye nywele zake, akakishusha juu ya karatasi. Karatasi zikalala. Akasugua tena kwa nguvu zaidi, jasho likimtoka. Zikalala vilevile. Ilikuwa mwezi wa nne, masika yamepamba moto, hewa imelowa hata chumvi jikoni ilikuwa inashikana mabonge. Mwalimu akatuambia tuandike kwenye madaftari kwamba karatasi zimeruka. Tukaandika.

Miaka mingi baadaye nilipangiwa kufundisha Dodoma. Mwezi wa nane, kiangazi kimekausha midomo ya watu na majani ya miti, nikachukua kitana nikarudia jaribio lile. Karatasi ziliruka kabla kitana hakijazifikia, moja ikanigusa kidole. Nilijua sababu: kwenye unyevu wa pwani, utando mwembamba wa maji hulala juu ya plastiki, na chaji hutoroka kupitia utando huo kabla haijakusanyika. Dodoma hakuna pa kutorokea. Lakini kujua sababu ni jambo moja, na kuona kwa macho ni jambo jingine.

Fikirini kilichotokea pale mezani. Chini ya kile kipande cha karatasi kuna Dunia nzima, milima yake na bahari zake na chuma kilichoyeyuka tumboni mwake, yote inakivuta. Juu yake kuna kitana. Kitana kikashinda. Umeme ni kani kubwa mno ikilinganishwa na mvutano wa Dunia. Hatuuhisi umeme huo siku nzima kwa sababu tu chaji chanya na hasi ndani ya vitu zimechanganyika na kufutana. Ndani ya atomi ya haidrojeni, protoni na elektroni zinavutana kwa umeme zaidi kuliko zinavyovutana kwa uzani wao, kwa kiwango ambacho ukitaka kukiandika, andika 2 kisha ufuatishe sifuri 39.

Nilichokuja kukizungumza leo, hata hivyo, ni sare. Ni pale kani hizi mbili zinapotoshana nguvu juu ya kitu kimoja kidogo, na kitu hicho kikasimama hewani. Mmewahi kuona watu wakivuta kamba, timu mbili zimekaza, na kitambaa cha katikati hakisogei? Mtu aliye mbali anaweza kudhani hakuna kinachoendelea. Aliye karibu anaona mishipa ya shingo. Kitu chenye chaji kikisimama hewani kati ya sahani mbili, mishipa ya shingo ipo.

Hesabu yake ni ya kidato cha nne. Laza sahani mbili za chuma, moja juu ya nyingine, ziachane kidogo. Unganisha na betri. Kati yao kunakuwa na uga wa umeme, na ukali wa uga huo ni volti za betri zikigawanywa kwa umbali kati ya sahani. Weka kitu chenye chaji humo. Umeme unakisukuma juu kwa kani iliyo sawa na chaji mara uga. Dunia inakivuta chini kwa uzito wake, yaani tungamo mara mchapuko wa graviti, *g*. Geuza kitufe cha volti taratibu mpaka kitu kisimame. Hapo chaji mara uga ni sawa na uzito. Ukijua uzito na volti, umeijua chaji.

Hii ni mizani. Muuza sukari anaweka jiwe la kilo upande huu na sukari upande ule. Sisi tunaweka uzito upande huu na volti upande ule. Tofauti ni kwamba kinachopimwa ni kidogo kupita kiasi.

Tuchukue namba. Tone la mafuta lenye nusu kipenyo cha sehemu moja ya elfu ya milimita. Ukiyapanga matone kama haya kwenye upana wa unywele mmoja, yataingia thelathini na zaidi. Ziache sahani zako kwa milimita 16. Kama tone limebeba elektroni moja tu ya ziada, utalisimamisha kwa volti 3,700 hivi. Kama limebeba mbili, volti 1,850. Tatu, volti 1,230. Nne, volti 925. Nawaomba mzitazame namba hizi kwa utulivu, maana ndizo kiini cha mhadhara wangu. Kwa tone hilihili, kati ya 3,700 na 1,850 hakuna mahali pa kusimama. Ukiweka volti 2,500, litapanda au litashuka, lakini halitatulia. Umeme una vidato kama ngazi, na hakuna anayekanyaga kati ya kidato na kidato.

Leo tunasema hivyo kwa urahisi. Mwaka 1900 hakuna aliyekuwa na uhakika. J. J. Thomson, kule Cambridge, alikuwa ameonyesha mwaka 1897 kwamba ndani ya miale ya kathodi kuna chembe, hiyo tuiitayo elektroni, nyepesi kuliko atomi yoyote, lakini alichokipima vizuri ni uwiano wa chaji yake na tungamo lake, si chaji yenyewe. Kulikuwa na wanasayansi wenye heshima zao waliodhani chaji ya elektroni ni wastani tu, kama tunavyosema familia ina watoto wanne na nusu. Ili kuwajibu ilibidi mtu aishike chaji moja, si bilioni kwa pamoja.

Watu wa Cambridge walijaribu kwa mawingu. Walitengeneza wingu la matone ya maji ndani ya chupa, wakalichaji, wakapima linavyoshuka. Lakini wingu ni umati. Kila tone lina ukubwa wake, na maji yanakauka huku unayatazama.

Robert Millikan, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Chicago, alianza na mawingu hayohayo. Alikuwa amevuka miaka arobaini kidogo, amefundisha vizuri na kuandika vitabu vya shule, lakini ugunduzi wa kumtambulisha hakuwa nao. Akaunda betri yenye nguvu kubwa kuliko za wenzake, akikusudia kuliinua wingu zima likae mahali pamoja. Alipowasha, wingu lilitoweka. Jaribio limeharibika. Lakini alipotazama tena kwenye hadubini, aliona matone machache yamebaki, yamening'inia. Hayakwenda juu wala chini. Yalikuwa yale ambayo, kwa bahati, chaji na uzito wake vilikuwa vimetoshana. Kosa lilimpa kile ambacho mpango haukuwa nacho: tone moja moja.

Agosti 1909 alikwenda Winnipeg, Kanada, kwenye mkutano wa wanasayansi wa Uingereza, akaeleza matokeo ya matone ya maji. Tatizo la kukauka lilikuwa bado linamsumbua. Tone la maji linakaa sekunde chache, huku likipungua uzito. Ni sawa na kupima barafu juani.

Hapa anaingia kijana mmoja ambaye napenda jina lake litajwe kila tunapofundisha jambo hili: Harvey Fletcher, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu kutoka Utah. Kwa simulizi yake mwenyewe, walipokuwa wakijadili kitu kisichokauka, yeye ndiye aliyekwenda dukani akanunua chupa ya kupulizia, kama ile ya marashi, na mafuta ya kulainisha mashine za saa. Mafuta ya saa yametengenezwa yasikauke kwa miaka. Akaunganisha sahani, taa na hadubini, akapuliza ukungu wa mafuta juu ya sahani ya juu yenye tundu dogo, akaweka jicho. Akaona nyota. Matone yaliyomulikwa kwa ubavuni yalikuwa yanang'aa kwenye giza, yanatetemeka kidogo kwa kugongwa na molekuli za hewa. Alipowasha umeme, mengine yakapanda na mengine yakashuka kwa kasi. Millikan katika maandishi yake alisema wazo la mafuta lilimjia yeye ndani ya treni akirudi kutoka Winnipeg. Simulizi hizo mbili zimebaki hivyo.

Acheni nikae kidogo kwenye lenzi ya ile hadubini, maana hapo ndipo fizikia ilipo.

Unaona tone lako. Umeme umezimwa. Linashuka, lakini polepole mno: milimita moja kwa sekunde tisa hivi. Kitu kinachoanguka hakipaswi kuongeza kasi? Kinapaswa, lakini kwa tone dogo namna hii hewa ni nzito kama asali. Mnato wa hewa unalishika, na papo hapo uzito na ukinzani wa hewa vinatoshana. Kumbe hata kabla ya umeme kuwashwa kulikuwa tayari na sare nyingine! George Stokes alikuwa ameandika kanuni ya mwendo huu mwaka 1851, na kanuni yake ndiyo inayotuokoa, kwa sababu hatuwezi kuliweka tone kwenye mizani ya duka. Tunapima sekunde linazochukua kushuka kati ya mistari miwili iliyochorwa kwenye lenzi. Kasi inatupa ukubwa wake, ukubwa unatupa tungamo. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu kwamba kulisimamisha tone hakutoshi. Lazima uliangushe pia.

Na kulisimamisha si raha mnavyodhani. Kati ya sahani mbili zilizolala sambamba, uga ni uleule juu, katikati na chini. Kwa hiyo tone likitoshana nguvu katikati, linatoshana nguvu popote. Hakuna shimo la kulituliza wala ukuta wa kulirudisha. Upepo mdogo ukilisukuma kando, linakwenda kando na kukuacha. Mwaka 1842 Samuel Earnshaw alithibitisha kwa hesabu kwamba kani za umeme uliotulia haziwezi peke yake kukishika kitu chenye chaji kikabaki imara; siku zote kuna upande mmoja wa kuponyokea. Wanaotaka kukishika kweli hutumia uga unaogeuka geuka haraka, kama alivyofanya Wolfgang Paul, Mjerumani aliyepata Nobeli mwaka 1989. Millikan na Fletcher walitumia mkono kwenye swichi. Tone likikaribia chini, washa, lipande. Likikaribia juu, zima, lishuke. Kwa saa kadhaa, jicho moja limefumba, tone lilelile. Ndipo Millikan akaona kwamba kupima sekunde za kupanda na kushuka kunampa namba nzuri kuliko kutafuta utulivu kamili, akauacha utulivu.

Kisha jambo la ajabu. Ukilitazama tone linapanda na kushuka kwa muda mrefu, ghafla kasi yake ya kupanda inabadilika. Hakuna aliyegusa kitu. Sekunde za kushuka ni zilezile, maana uzito haujabadilika, lakini kupanda kumekuwa kwa haraka zaidi, au kwa uvivu zaidi. Limenasa kutoka hewani ayoni moja, chembe yenye chaji. Millikan alisogeza radiamu au mashine ya eksirei karibu ili hewa iwe na ayoni za kutosha, na mabadiliko hayo yakawa mengi.

Chukulieni mfuko wa konda wa daladala, enzi za sarafu, na tuseme nauli zote zinalipwa kwa sarafu za aina moja. Huruhusiwi kuufungua mfuko. Unaruhusiwa kuupima tu kila kituo. Mfuko unaongezeka gramu 10, unapungua 20, unaongezeka 30, unaongezeka 10. Hujawahi kuona sarafu hata moja, lakini baada ya vituo ishirini utaniapia kwamba sarafu ni ya gramu 10. Hivyo ndivyo chaji ya elektroni ilivyopatikana. Kila badiliko lilikuwa kigawe cha namba ileile. Mara moja, mara mbili, mara tatu; haikutokea mara moja na robo.

Mtaniuliza: je, angani kwetu hakuna uga wa umeme unaoweza kulibeba tone namna hii? Upo. Siku ya hali nzuri ya hewa, karibu na ardhi, ni kama volti 100 kwa kila mita. Kwa uga huo tone letu lingehitaji elektroni zaidi ya 2,000 ili lisimame. Ukungu wa asubuhi kule Lushoto unaning'inia kwa sababu ya mnato wa hewa na upepo mdogo unaopanda, si kwa umeme.

Mwaka 1913 Millikan alichapisha jibu lake kubwa: kwa vizio vya leo, kulombi 1.592 zikizidishwa kwa 10 kipeo cha hasi 19. Mwaka 1923 akapewa Nobeli. Jina la Fletcher halikuwamo. Kwa maelezo ya Fletcher, Millikan alikwenda nyumbani kwake, kwenye chumba alichoishi na mkewe na mtoto mchanga, akamweleza kwamba tasnifu ya uzamivu inahitaji makala yenye jina la mwanafunzi peke yake. Basi Fletcher achukue makala ya mtetemo wa matone, na Millikan achukue ya chaji. Fletcher alikubali. Baadaye alikuwa mtafiti mkubwa wa sauti na usikivu, na kumbukumbu zake kuhusu matone aliagiza zichapishwe akishakufa, asije akaonekana anajitafutia sifa. Zilitoka mwaka 1982. Hakumtukana Millikan hata kwa neno moja. Aliandika kwa shukrani. Mimi binafsi naona hakutendewa haki.

Na kuna madaftari. Katika makala ya 1913 Millikan alitoa matone 58, akasema wazi kwamba hayo ndiyo matone yote aliyoyapima kwa siku 60 mfululizo, hayakuchaguliwa. Mwanahistoria Gerald Holton alipoyafungua madaftari ya Millikan miaka ya 1970, alikuta matone zaidi ya 100. Mengine yalikuwa yameachwa kwa sababu nzuri: mkondo wa hewa, vumbi, volti zimeyumba, kipimo hakikukamilika. Mengine yalikuwa na maneno ya furaha pembeni, kwamba hili ni zuri, lichapishwe. Wachambuzi waliyarudia mahesabu wakaona kwamba hata angeyaingiza mengi ya yale aliyoyaacha, jibu lingebaki karibu palepale. Kilichopungua kwa kuyaacha ni ukubwa wa shaka.

Kwa nini basi aliyaacha bila kusema? Mazingira yalikuwa ya vita. Vienna kulikuwa na Felix Ehrenhaft, aliyepima chembe za metali na kudai ameona chaji ndogo kuliko ya elektroni. Na silaha mojawapo ya Ehrenhaft ilikuwa namba za Millikan mwenyewe. Mwaka 1910 Millikan alikuwa amechapisha kila kipimo na nyota pembeni kuonyesha alivyokiamini, na akaandika kwa uwazi kwamba kipimo kimoja amekiacha kwa sababu kilikuja chini kwa asilimia 30 hivi na hakikurudiwa. Ehrenhaft akazichukua namba zile dhaifu akazigeuza dhidi yake. Miaka mitatu baadaye ule uwazi haupo tena. Namwelewa. Lakini makala ya 1910, yenye nyota zake na kipimo kilichotupwa na kutajwa, ndiyo ninayoipa darasa langu isomwe.

Kosa halisi la Millikan halikuwa kwenye matone aliyoyaacha. Lilikuwa kwenye hewa. Kiwango cha mnato wa hewa alichotumia kilikuwa pungufu kidogo, na kila tone, zuri kwa baya, likabeba upungufu huo. Jibu lake lilikuwa chini kwa zaidi kidogo ya nusu ya asilimia moja, na kosa lilikuja kurekebishwa miaka ya 1930, baada ya vipimo vya eksirei kwenye fuwele kugoma kukubaliana naye. Richard Feynman, akiwahutubia wahitimu wa Caltech mwaka 1974, alisimulia jinsi vipimo vilivyofuata baada ya Millikan vilivyopanda hatua kwa hatua badala ya kuruka moja kwa moja kwenye jibu sahihi. Aliyepata namba kubwa alijikagua mara kumi kutafuta alipokosea. Aliyepata namba inayokaribia ya Millikan hakujikagua sana.

Matone hayajastaafu. Tunajua sasa kwamba ndani ya protoni kuna kwaki, zenye theluthi moja au theluthi mbili ya chaji ya elektroni, lakini hazipatikani zikiwa peke yake. Je, kuna moja imejificha mahali? Martin Perl na wenzake huko Stanford waliangusha mamilioni ya matone mbele ya kamera na kompyuta wakiitafuta chaji ya theluthi. Walipata namba kamili tu.

Na tangu tarehe 20 Mei 2019 chaji ya elektroni haipimwi tena. Imewekwa kwa makubaliano ya mataifa kuwa 1.602176634 mara 10 kipeo cha hasi 19 kulombi, bila shaka yoyote pembeni, na kipimo cha ampea kikajengwa juu yake. Kwa hiyo mwanafunzi anayekaa leo mbele ya sahani mbili na tone la mafuta hapimi tena elektroni. Anapima sahani zake zimeachana kiasi gani, hewa ya chumba chake ina mnato gani, na jicho lake lina subira gani.

Mwaka jana nilisahihisha daftari la binti mmoja wa mwaka wa pili. Jibu lake lilikuwa juu kwa asilimia 9. Alikuwa ameorodhesha matone 14, sita kati yake yamepigwa mstari mmoja mwembamba unaoruhusu namba kusomeka, na mbele ya kila mstari ameandika sababu. Tone la nne: limetoka nje ya mwanga. Tone la saba: nimekohoa. Tone la kumi na moja: sijui kwa nini, limekataa. Hilo la kumi na moja tulilipigia hesabu pamoja, mimi na yeye, mpaka saa mbili usiku.